Sanduku la Mama Neema Hadi Nyarugusu

Ndugu zangu wa jumuiya,

Wengi wenu mlinisindikiza hadi barabarani siku nilipoondoka Kolandoto na sanduku la bati, na wengi mmeniona nimerudi na fimbo na mfuko mdogo tu. Kila nikitoka misa naulizwa sanduku liko wapi. Nimemweleza mmoja mmoja, na nimegundua kwamba kila ninayemweleza anapata habari fupi kuliko aliyemtangulia, maana mzee akirudia jambo huanza kulikata. Basi nimeliandika lote mara moja, nanyi mpokezane. Namshukuru Mungu aliyenipeleka na kunirudisha salama. Namshukuru pia kwa mahali pale njiani ambapo gari liliharibika, ingawa siku ile sikumshukuru.

Kolandoto hadi mjini

Jumuiya ina wageni siku hizi, kwa hiyo nianze na nyumba yangu. Mke wangu Veronika, ambaye wengi mlimwita Mama Neema, alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Siku ya kuondoa matanga tulikaa ili tugawe nguo zake kama ilivyo desturi. Kabla hatujafungua sanduku, simu ikaita kutoka Nyarugusu, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa dada yake mkubwa, Mama Kulwa, ambaye hakuwahi mazishi kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Akasema, "Msifungue sanduku la mdogo wangu mpaka nifike."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nguo za marehemu hazigawiwi mpaka mtu wa upande wake awepo, naye ndiye anayechagua cha kwanza. Wazazi wao walikwisha kutangulia, na kwa tumbo lao walikuwa wamebaki wawili tu. Kwa hiyo upande wa Veronika ulikuwa Mama Kulwa peke yake. Tukaliacha sanduku na kufuli lake, tukasubiri.

Hakuja. Mwaka wa kwanza ilikuwa kilimo, wa pili mguu, halafu mvua, halafu mjukuu. Na mimi sikumsukuma. Nilijiambia kwamba mtu mwenye haki haharakishwi.

Sanduku likakaa chumba cha pili. Kwa kuwa halikuguswa, vitu vingine navyo vikaanza kujisogeza karibu nalo. Ndoo zisizo na mishikio ziliingia humo. Redio zilizokwisha kunyamaza ziliingia, nikisema ipo siku nitapata fundi. Kalenda za parokia za miaka iliyopita ziliingia, maana zina picha za watakatifu na niliona vibaya kuzichoma. Sahani za maua ambazo Veronika alizitunza kwa ajili ya wageni zilijaa kabatini, na wageni walipokuja tuliwapa chakula kwenye sahani za plastiki ili zile za maua zisivunjike. Chumba kilipojaa, vitu vikatoka hadi sebuleni. Mnakumbuka wenyewe: zamu ya sala ilipofika kwangu, mlikaa nje kwenye jua, na mimi niliwaambia kwamba nje kuna hewa.

Mwaka huu mwanangu Neema, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa shule ya karibu na hapa. Alikuja kutazama nyumba akiwa na watoto wake wawili. Alisimama mlangoni kwa muda, halafu akasema, "Baba, humu wanaishi vitu. Wewe unapita pembeni."

Tulifanya kazi wiki nzima. Redio alichukua fundi wa sokoni kwa ajili ya vipuri. Kalenda tuliwapa watoto wa mafundisho wafunikie madaftari. Sahani za maua ni hizo mnazokulia sasa kwenye shughuli za jumuiya, na mpaka leo zimevunjika chache tu. Kila kitu kilichotoka kiliniuma asubuhi, na jioni nilikuwa nimekisahau. Hilo lilinishangaza.

Likabaki sanduku na fungu la vitu vilivyolizunguka, ambavyo sikuweza kuvigusa kabla yake. Neema alisema tuligawe, mama mkubwa hatakuja tena. Nikakataa. Akasema basi atapanga chumba mjini, hawezi kulaza watoto wake kando ya msiba. Alisema bila hasira, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Nikampigia simu Mama Kulwa. Akanijibu kwamba haji, na kwamba kama tumechoka kumtunzia mdogo wake tumwambie tu.

Basi nikaamua kwamba kama mwenye haki haji kwenye sanduku, sanduku litamwendea. Akikubali tugawe, Neema na wajukuu watakaa kwangu. Akikataa, nitarudi na sanduku, nao watakwenda kupanga.

Bajaji ilinichukua alfajiri. Dereva alilifunga sanduku kwa mpira nyuma yangu, na mimi nililishika mshikio njia nzima kama mtu anayemshikilia mgonjwa. Miaka yangu yote ya ukatekista nimewafundisha watoto wenu habari za wanafunzi waliotumwa bila mkoba wala kanzu ya pili. Asubuhi ile nilikuwa mwanafunzi mwenye kanzu za kutosha kijiji kizima, na zote za kike.

Shinyanga hadi Kahama

Stendi, kondakta alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akauliza, "Mzee, huyu abiria wa bati anashukia wapi?"

Nikamwambia tunashukia pamoja, njia panda ya Nyarugusu. Alitaka kulipandisha juu ya gari, nikakataa. Alitaka kuliweka buti chini ya magunia ya vitunguu, nikakataa. Watu nyuma yangu walianza kuguna. Mwishowe liliwekwa kwenye njia ya katikati, karibu na kiti changu, na kila aliyepita aliligonga na goti kisha akanipa pole kana kwamba ni mimi niliyeumia.

Jirani yangu alikuwa kijana anayeitwa Masanja, dalali wa almasi kutoka Maganzo. Alikuwa anakwenda kutazama hali ya dhahabu, maana alisema mawe ya kwao yamekuwa na aibu siku hizi, hayajitokezi. Nikamuuliza mzigo wake uko wapi. Akagusa mfuko wa shati. Humo alikuwa na kioo kidogo cha kutazamia mawe na karatasi iliyokunjiwa jiwe dogo la mtu.

"Kazi yangu yote hii hapa," alisema. "Nikiitwa, nasimama."

Halafu akaligonga sanduku kwa ukucha, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ni nguo za marehemu mke wangu. Akaondoa mkono, akavuta na miguu yake kando, akakaa kimya mpaka tulipotoka nje ya mji. Nikafungua mfuko nikampa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyofungiwa na Neema. Tukatafuna pamoja. Mnajua michembe: mkianza kuitafuna hakuna anayeweza kusema kitu, na kimya kinakuwa cha haki. Ilipoisha aliniomba nimweleze, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi.

"Kwa hiyo ufunguo unao," alisema.

"Ninao."

"Na huwezi kufungua."

"Siwezi."

Akatikisa kichwa. Akasema amewahi kuona watu waliokaa juu ya jiwe bila kujua ni jiwe, lakini hajawahi kuona mtu aliyekalia sanduku lake mwenyewe kama mlinzi wa mtu mwingine. Nikamjibu kwamba hata yeye anayebeba jiwe la watu mfukoni ni mlinzi wa mtu mwingine. Akacheka, akakubali.

Kahama tulikunywa chai na maandazi. Kondakta alimwambia mama wa mgahawa kwamba kuna abiria wa tatu kwenye kiti chetu asiyekula wala kunywa, na ndiye pekee asiyemsumbua.

Baada ya Kahama

Tulipoacha lami, mbingu ilikuwa imeanza kuwa nzito. Mvua ilipokuja haikuja kidogo kidogo. Mahali ambapo barabara inashuka kwenye kijito, gari liliteleza, likainamia upande mmoja, na kitu chini yake kikalia. Dereva akazima injini. Tukaambiwa tushuke sote, na mizigo ya ndani ishuke pia ili gari liwe jepesi.

Kando ya barabara palikuwa na banda la bati lisilo na kuta, ambalo mama mmoja anapikia wasafiri. Tulijibana humo. Vijana, Masanja akiwa mmoja wao, walinibebea sanduku. Mwenye banda alisonga ugali akatoa na nsansa za karanga, na nasema kwa dhati kwamba tangu mke wangu afariki sijala majani ya kunde yaliyopikwa vile. Tulikula kwa zamu kwa sababu sahani zilikuwa chache, kila mmoja akisuuza kwa ajili ya mwenzake. Hakuna aliyekosa.

Katikati yetu alikuwepo binti mwenye mtoto mchanga, anamfuata mumewe machimboni. Begi lake lilikuwa juu ya gari chini ya turubai, na turubai lilikuwa na matundu. Alipoletewa, lilikuwa linachuruzika maji. Nguo alizomfunga mtoto nazo zililowa wakati wa kushuka. Mtoto alilia mwanzoni. Baadaye akaacha kulia, na hapo ndipo akina mama walipoanza kutazamana. Walimpokezana, wakamweka karibu na jiko, lakini hakuna aliyekuwa na kitambaa kikavu. Sote tulikuwa tumelowa.

Masanja akanitazama. Nilijua anachotaka kusema, nikatamani asiseme.

"Mzee ana nguo kavu," akasema.

Wakanigeukia wote. Ikabidi nieleze ni za nani na kwa nini zimefungwa. Banda likagawanyika. Mmoja alisema mtoto ni mtoto, fungua. Mwingine alisema vya marehemu havichezewi, vitamletea mtoto mikosi. Bibi mmoja aliyevaa koti la kiume, mtu mzima kuliko mimi, alisema polepole, "Baba, wewe ni mkwe tu. Sanduku si lako. Dada mtu hajafika."

Alikuwa sahihi. Sijawahi kumwona mtu sahihi kiasi kile.

Nilisali. Sikupata sauti wala ishara, na msitegemee niwaambie nilipata. Nilichopata ni kumtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikapiga magoti kwenye lile tope, nikatoa ufunguo, nikafungua.

Harufu ya dawa ya nondo ilitoka kwanza, na nyuma yake ile ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka. Juu kabisa kulikuwa na kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Sikuchagua. Nilichukua hicho, nikafunga tena. Akina mama walimvua mtoto wakamviringisha, wakamkandamiza kifuani kwa mama yake. Tukangoja. Baada ya muda akaanza kulia kwa nguvu, na wote bandani tukacheka kwa kilio kile.

Binti alinijia mvua ilipopungua. "Babu, nitakirudishaje?"

"Hakirudi," nikamwambia. "Kimepata kazi."

Dereva alipokwisha kulitengeneza gari, tukaanza kurudi ndani. Yule bibi wa koti alinishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Haya, baba. Na dada mtu utamwambia nini?"

Swali hilo lilikaa nami mpaka njia panda, tulikofika jua likizama. Katekista wa kigango cha pale alinipokea, akanipa kitanda chake mwenyewe, naye akalala kwenye mkeka. Tulipoagana Masanja alinipungia mkono dirishani, mfuko wa shati lake ukiwa umekauka.

Njia panda hadi Nyarugusu

Asubuhi nilipata guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Nilimwambia kijana mwenye guta anipeleke kwa Mama Kulwa. Akalinyanyua sanduku, akaguna, akasema, "Mzee, haya ni mawe ya wapi?" Nikamwambia yametoka Shinyanga, nikidhani anatania kuhusu uzito. Kumbe kule mtu akisema mawe anasema mawe yenye dhahabu, na watu huyaleta kutoka mbali kwenye mashine ya kuyasaga ambayo wanaiita karasha.

Njiani alisimama mara mbili kumwambia mtu jambo sikioni. Nilivutiwa na jinsi watu walivyonisalimu kwa heshima. "Shikamoo mzee, karibu sana, pole na safari." Nikasema moyoni, watu wa hapa wamelelewa vizuri. Guta liliposimama, tulikuwa mbele ya karasha inayonguruma, vumbi limetupaka wote weupe kama unga. Mwenye mashine alinikaribisha kwa mikono miwili, akaniambia nitangulie, wengine watasubiri.

Nikasema sikuja kusaga kitu, nimekuja kwa shemeji yangu. Akasema ndiyo, Mama Kulwa wanamjua, ana marudio yake nyuma ya nyumba, lakini mawe yangu kwanza. Ilibidi nimwambie kwa sauti kubwa, juu ya mngurumo wa mashine, kwamba humu mna magauni. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Lakini mmoja aliyesikia neno marehemu alizima mashine, akavua kofia. Wengine wakafuata. Vijana wawili wakalichukua sanduku kwa taratibu, wakanipeleka kwa miguu.

Kwa Mama Kulwa

Habari ilikuwa imemfikia kwamba mzee wa Shinyanga amemletea mawe. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Alipoliona sanduku, mikono ikashuka.

"Mwadila, shemeji," alinisalimu, na mimi nikamwitikia. Alinipa kigoda, akaniletea maji. Hakulitazama tena sanduku. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu kikubwa cha mchanga wa kijivu. Ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ndiyo wanayoyaita marudio. Marehemu mumewe aliyakusanya akiamini bado yana dhahabu ndani. Mama Kulwa aliyazungushia miiba ili kuku wasichakure.

Niliona ni heri nianze na lililokuwa gumu. Nikamwambia kwamba sanduku limefunguliwa.

"Na nani?"

"Na mimi."

Nikamweleza mvua, banda, mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akasema, "Miaka yote hii nilikuomba kitu kimoja." Akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akapindua karai, akaketi juu yake akiutazama ule mchanga.

Nilikaa pale kwenye kigoda. Nilitoa rozari, nikasali, nikamaliza, nikaanza upya. Jirani yake alikuja akanipa viazi vya kuchemsha, akasema kwa kunong'ona kwamba Mama Kulwa akikaa kwenye karai haongeleshwi. Mchana ukapita. Niliwaza Neema akipatana na mwenye nyumba ya kupanga, na wajukuu wakifungasha. Niliwaza nikilipakia sanduku tena kwenye guta na kupita mbele ya wale waliovua kofia.

Vivuli vilipokuwa virefu alirudi, akasimama mbele yangu.

"Huyo mtoto. Wa kike au wa kiume?"

"Sikuuliza."

"Umempa mtu nguo ya mdogo wangu, hujui hata ni mtoto gani?"

"Alikuwa na baridi, Mama Kulwa."

"Vero angeuliza jina."

"Vero angefungua sanduku kabla mimi sijamaliza kufikiri," nikasema. "Halafu ndiyo angeuliza jina."

Akaketi chini, karibu na sanduku, miguu ameinyoosha. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ya chini, akiangalia kufuli.

"Mguu haukuniuma. Hata mvua ilikuwa mwaka ule mmoja tu. Nilijua nikija tutagawa. Tukigawa, msiba umeisha. Msiba ukiisha, kila mtu anakwenda kwake, na mimi sina tena mdogo wangu anayenisubiri Kolandoto."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumfundisha habari za ufufuko, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini nikaona kwamba anazijua kama ninavyozijua, na kwamba tulikuwa tumelikalia sanduku hilo sote wawili, yeye huku na mimi kule. Nikanyamaza. Nafikiri kule kunyamaza ndiyo katekisimu bora niliyowahi kutoa.

"Kitenge cha rangi gani?" akauliza.

"Kijani. Kina maua ya njano."

"Alikipenda hicho." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Basi ameanza kugawa mwenyewe, hakutusubiri. Lete ufunguo tumalizie."

Tuligawa asubuhi iliyofuata. Kwanza alichagua yeye, kama inavyotakiwa. Nilidhani atachukua lile gauni la sikukuu, au viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga vumbi. Alichimba mpaka chini, akatoa sweta la kahawia lenye vifungo visivyofanana, ambalo Veronika alilivaa akienda kuteka maji. Akalivaa papo hapo, katika joto lile. Kisha akawaita wanawake wanaofanya kazi mwaloni, pale wanapooshea mchanga. Wengi wametoka mbali na hawana ndugu karibu. Aliwakalisha kwenye mkeka, akawapa mmoja mmoja, na kila aliyepewa alimwambia habari ya nguo ile: hii aliivaa siku binti yake alipoolewa, hii ni sare ya akina mama wa parokia, hii aliinunua nikamgombeza. Wanawake walipokea kwa mikono miwili. Walishukuru, wabeja, wabeja sana, na mmoja akaifunga ya kwake kiunoni na kurudi kazini nayo.

Sanduku lilipobaki tupu, nilisubiri. Mimi nilikuwa bado sijapewa kitu.

"Wewe unangoja nini?" Mama Kulwa akaniuliza.

"Fungu langu."

"Shemeji, wewe huna fungu," akasema. "Wewe ulikuwa naye mwenyewe."

Nimeyageuza maneno hayo kila siku tangu nirudi, na sijafika mwisho wake. Sijaona jambo la kuongeza.

Sanduku alisema litamfaa kwa unga, panya wamemsumbua. Kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, nilipata ujasiri nikamuuliza kuhusu kile kichuguu cha nyuma ya nyumba, kama hajafikiria kukiachia watu wenye mashine.

"Shemeji, usinizoee," akanijibu. "Mle mna dhahabu."

Kurudi

Gari la kurudi lilikuwa lile lile, na kondakta ni yule yule. Nilipopanda, alitazama nyuma yangu, akatazama chini, akauliza, "Abiria wa bati yuko wapi?"

"Amefika kwao," nikamwambia.

Akaacha utani, akanipa kiti cha dirishani. Tulipita lile banda la bati. Mama mwenye banda alikuwa anasonga ugali, na barabara ilikuwa kavu kana kwamba hapakuwahi kuwa na tope. Nilitamani tusimame, lakini gari lilikuwa zima.

Nyumbani, Neema hakuniuliza kitu. Aliniona nimeshika fimbo tu, akaingia ndani akachukua ufagio. Vile vitu vilivyolizunguka sanduku, ambavyo sikuweza kuvigusa, tulivitoa siku ile ile, na sikumbuki hata vilikuwa nini. Mahali sanduku lilipokaa, sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Wajukuu waliona ni alama ya mchezo, wakawa wanaruka ndani na nje.

Wiki iliyopita, bila kupiga simu, Mama Kulwa alishuka barabarani pale akiwa na sweta lake. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi tu. Nilimpeleka chumba cha pili anakolala Neema na watoto. Alisimama katikati, akageuka, akatazama kuta zote, kisha akatazama ile alama sakafuni.

"Kumbe ni kikubwa hivi," alisema.

Bado yupo. Asubuhi wajukuu wanamwamsha, na jioni anawafundisha nyimbo ambazo Veronika aliimba, baadhi yake mimi sikuwahi kuzisikia. Ndugu zangu, Jumamosi zamu ya sala ni yangu. Njooni mumsalimie. Tutakaa ndani.